Kitambaa Kikishakatwa

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza zinauzwa wapi zile protini za virusi zinazozima CRISPR, ile silaha ya bakteria ya kukata DNA ambayo watu huitumia kuhariri jeni, ili arudishe jeni zake zilivyokuwa kabla ya chanjo ya Uviko. Nimejibu kwa upole mara nyingi mno. Mwezi uliopita mama mmoja alifungua mkoba mbele yangu akatoa chupa ya "kusafisha jeni zilizohaririwa", aliyoinunua kwa ada ya muhula mzima ya mwanawe. Upole umeniishia.

Chanjo ya Uviko haikumhariri mtu jeni. Hakuna hata moja inayobeba Cas9, ule mkasi wa bakteria, wala kimeng'enya kingine cha kukata DNA. Lakini tuseme mkasi ungepita kweli: bado protini hizi zisingerudisha kitu. Mwone fundi cherehani ameinua mkasi juu ya doti ya khanga. Ukimdaka mkono kabla hajakata, doti imepona. Ukimdaka baadaye, umeshika mkono wa mtu aliyemaliza kazi. Seli yenyewe imekwisha kuunga mkato, mara nyingi kwa herufi chache kupungua au kuongezeka, na kila seli itakayozaliwa kwake itarithi kiungo hicho.

Mojawapo ya protini hizo, AcrIIA4, iliyotoka kwa virusi waliojificha ndani ya bakteria Listeria na kutangazwa mwaka 2017, ina asidi amino 87 tu. Hukaa palepale Cas9 inapoitambulia DNA. DNA ikitangulia kukaa, hata yenyewe inakosa nafasi. AcrIIC1 hung'ang'ania ubapa wa mkasi: Cas9 inaishika DNA lakini haikati. AcrVA1 huikatakata RNA inayoiongoza Cas12a, mkasi mwingine wa CRISPR. Zote huzuia. Hakuna inayojua kushona. Na ukiinywa protini, tumbo huisaga kama linavyosaga maharage.

Basi orodha ya protini hizi tunayoitunza ni ya nini? Ni kumbukumbu ya vita vya virusi na bakteria. Mwaka 2013 Joseph Bondy-Denomy, Alan Davidson na wenzao wa Toronto walionyesha kwamba baadhi ya virusi wanaoishambulia Pseudomonas aeruginosa hubeba jeni za kuizima CRISPR ya bakteria huyo. Tangu hapo familia zimepita 100, na ugumu wa kuziorodhesha ni kwamba hazifanani. Ukiijua moja, hujapata sura ya kumtafutia ndugu yake. Kwa hiyo tunatafuta kwa jirani: jeni nyingine, tunazoziita aca, hupenda kukaa karibu nazo. Au tunamtafuta bakteria ambaye CRISPR yake imelenga DNA yake mwenyewe, naye bado yu hai. Huyo angekuwa amejiua. Akiwa mzima, tunashuku kuna aliyemfunga mkasi mikono. Njia hii ya pili naipenda kuliko zote, maana ushahidi ni uhai wenyewe.

Jina nalo si pambo. IIA katika AcrIIA4 hutaja aina ya CRISPR inayozimwa, na 4 ni zamu yake ya kugunduliwa. Aliyelisoma jina hilo hawezi kuuza dawa moja ya "kuzima CRISPR zote".

Matumizi ya kweli yapo, nayo ni ya maabara: kuiacha Cas9 ikate inapotakiwa, kisha kuifunga kabla haijazurura kwenye DNA isiyolengwa. Mwanafunzi anayetaka kutafuta mpya aanze na jenomu zilizo wazi kwa umma, aijaribu protini kwa virusi hai na kwenye neli pia, na aiangalie orodha kabla ya kuipa jina. Mgonjwa wa selimundu aliyesikia habari za Casgevy, tiba inayotumia CRISPR iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, azungumze na daktari wake wa damu na asiache hidroksiyurea aliyoandikiwa. Mwenye chupa asinywe. Aipeleke TMDA, mamlaka ya dawa Tanzania, ikiwa na lebo yake, pamoja na risiti kama alipewa.