Maporomoko yenye rangi ya strungi

Anayefika kwenye maporomoko ya mto Tahquamenon kwa mara ya kwanza hudhani mvua kubwa imesomba udongo huko juu, maana maji yanaporomoka yakiwa ya kahawia. Lakini yateke kiganjani: hayana tope hata kidogo. Ni strungi kabisa.

Rangi hiyo ni kazi ya miti. Mto huu, kaskazini mwa jimbo la Michigan, Marekani, hupita kwenye vinamasi vyenye misedari na misprusi. Majani na magome yanayooza humo hutoa tanini, ileile inayoipa chai rangi yake, na ambayo watengeneza ngozi huipata katika magome ya miwati. Hata povu linalozunguka chini ya maporomoko, ambalo mgeni anaweza kulidhania sabuni ya kiwandani, hutokana na masalia ya mimea hiyo.

Ndiyo maana nafurahi kwamba hifadhi ya jimbo inayoyalinda maporomoko haya haikuishia kwenye maporomoko peke yake. Ina karibu ekari 50,000 za misitu, vinamasi na mto, na baadhi ya miti yake mikubwa iliponea chupuchupu enzi wakata magogo walipofyeka sehemu kubwa ya misitu ya Michigan.

Maporomoko ya juu yana upana wa zaidi ya mita 60 na kimo cha karibu mita 15. Shuka ngazi 94 hadi ukingoni, pale maji yanapojikunja kabla ya kuanguka. Pembeni, penye kina kifupi, yana rangi ya dhahabu. Katikati yamekolea hadi kuwa meusi.

Mwendo wa kilomita sita na ushee kufuata mto, maporomoko ya chini yanakizunguka kisiwa. Tangu 2022 kuna daraja la miguu, na mwenye kiti cha magurudumu naye anavuka.

Watu huenda mwaka mzima. Mwezi Juni mbu hawana huruma. Mwishoni mwa Septemba majani hugeuka mekundu na manjano. Mimi ningemshauri mtu aende Februari, aazime viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji, aone barafu ya kahawia ikining'inia huku mto ukiendelea kunguruma katikati yake. Avae nguo nzito, na kwenye ngazi asiache kushika vyuma, kwani zinateleza sana.