Profesa Aliyeacha Bomu Akachagua Tiba

Mara nyingi twawaonya watoto wetu wasifuate mkumbo. Lakini je, mtu mzima mwenye kazi ya heshima aweza kusimama peke yake? Mwezi huu tumtazame Profesa Joseph Rotblat.

Mume aliyefiwa

Alizaliwa Warsaw, Poland, mwaka 1908, katika familia ya Kiyahudi. Vita Kuu ya Kwanza ilimfilisi baba yake, hivyo kijana akafanya kazi ya ufundi umeme huku akisoma. Mwaka 1938 alipata shahada ya udaktari wa fizikia.

Mwaka 1939 alikwenda Liverpool, Uingereza, kufanya utafiti. Posho yake haikutosha watu wawili, hivyo mkewe Tola akabaki. Mapato yalipoongezeka alirudi kumchukua, lakini Tola alikuwa mgonjwa wa kidole tumbo, hakuweza kusafiri. Mume akatangulia mwishoni mwa Agosti. Tarehe 1 Septemba Ujerumani ikaivamia Poland. Alijaribu njia kadhaa za kumtoa, zote zikazibwa na vita. Tola aliangamia katika mauaji ya Wayahudi. Rotblat hakuoa tena maisha yake yote.

Aondoka Los Alamos

Mwaka 1944 alijiunga na wanasayansi waliotengeneza bomu la atomu huko Los Alamos, Marekani, akihofu kwamba Hitler angelipata kwanza. Mwishoni mwa mwaka huo alipata habari kuwa Wajerumani wameachana na mpango wao. Basi sababu yake ilikuwa imekwisha, akaomba kuondoka. Wapo waliomshuku kuwa ni jasusi. Hata hivyo aliondoka.

Sayansi ya kuponya

Baada ya vita alielekeza elimu yake kwenye tiba, akawa profesa wa fizikia katika chuo cha udaktari cha Hospitali ya St Bartholomew's, London, hadi mwaka 1976. Mionzi ile ile iuayo yaweza kuharibu uvimbe wa saratani, mradi ipimwe kwa uangalifu ili nyama nzima isidhurike. Ndiyo kazi ya fizikia ya tiba. Pamoja na Dakta Patricia Lindop alichunguza kwa kutumia panya jinsi mionzi inavyoathiri uzazi na urefu wa maisha.

Mwaka 1954 Marekani ililipua bomu kubwa katika kisiwa cha Bikini, na majivu yake yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani. Rotblat alipiga hesabu akaonyesha kuwa sumu yake ilizidi ile iliyotangazwa. Sisi akina mama tuelewe hatari hiyo: sumu iitwayo stronti huanguka majanini, ng'ombe hula, nayo hupita katika maziwa hadi mifupani mwa mtoto.

Mwaka 1955 alitia sahihi tangazo la Bertrand Russell na Albert Einstein dhidi ya vita vya nyuklia. Mwaka 1957 wanasayansi 22, wakiwamo Wamarekani na Warusi, walikutana Pugwash, Kanada. Naye akawa katibu mkuu wa umoja huo hadi 1973. Mikutano yao ilisaidia kuandaa njia ya mkataba wa 1963 uliopunguza majaribio ya mabomu. Mwaka 1995 yeye na Pugwash walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki mwaka 2005, akiwa na miaka 96.

Mama, mtoto wako akifaulu masomo, mpongeze. Kisha muulize: elimu hii utamtumikia nani?