Msimu Unapobadilika Ziwani: Samaki, Mvua na Amana Tuliyopewa



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ndugu wasomaji, katika Suratul-Maida, aya ya 96, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mawindo ya baharini, na wanachuoni wamejumuisha humo maziwa na mito. Samaki hata kuchinjwa hahitaji. Hata hivyo, kila halali ina adabu zake, na adabu za uvuvi huonekana zaidi kiangazi kinapokwisha na mvua zinapoanza.

Sisi wa Ngara tuna mito ya Ruvubu na Kagera. Wenzetu wa Biharamulo wana Ziwa Burigi, na hadi mwaka 2005 Chato yenye pwani ya Ziwa Victoria ilikuwa sehemu ya wilaya yao. Kwa hiyo habari za ziwa ni habari zetu.

Kiangazi: ziwa hujichanganya

Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini mashariki huvuma sana juu ya Ziwa Victoria. Maji ya juu hupoa, huwa mazito na kuzama, na ya chini hupanda na rutuba yake. Hewa hufika hadi chini, na samaki huweza kukaa hata kwenye kina kirefu.

Kuanzia Septemba ziwa huanza kupata joto tena. Maji ya moto hukaa juu, ya baridi hubaki chini, na hayachanganyiki vizuri. Miezi inavyokwenda hewa ya chini hupungua, na samaki huhamia juu au karibu na nchi kavu. Mvuvi asiyejua hili hutega nyavu palepale pa Julai akarudi mtumbwi mtupu.

Dagaa ana kalenda nyingine, ya mwezi. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa sababu hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, na wavuvi wengi hupumzika. Tazameni, wanafunzi: siku za 13, 14 na 15 tunazosuniwa kufunga ndizo siku dagaa naye anapopumzishwa!

Mvua za kwanza: samaki wenye mayai

Mito inapojaa, kambale hupanda kwenye majani yaliyofurika kutaga mayai. Ningu naye hutoka ziwani na kupanda mito, Kagera ukiwemo. Hapo ndipo penye mtihani, kwani samaki huwa wengi, wamesongamana, na ni rahisi kuwakamata. Katika karne ya 20 nyavu zilitegwa kwenye midomo ya mito, ningu wakakamatwa kabla hawajataga. Matokeo yake, samaki huyo aliyekuwa kitoweo cha wengi akapungua sana.

Basi anayemvua samaki mwenye mayai njiani anakula na kitoweo cha watoto wake. Anayetia sumu mtoni amezidi, kwani anaua wakubwa na vifaranga na kuwadhuru wanaokunywa maji hayo.

Tufanye nini?

Kanuni za nchi yetu zinakataza kuvua sangara chini ya sentimita 50 na sato chini ya sentimita 25. Mwanafunzi, rula yako ya shule ina sentimita 30. Ukitumwa sokoni, pima kwa macho: sato mfupi sana kuliko rula usimnunue. Mnunuzi akikataa, mvuvi hatakuwa na sababu ya kumvua.

Kusubiri kunawezekana. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu ni migumu kwa familia inayotegemea mtumbwi, lakini ziwa tupu ni gumu zaidi.

Tumuombe Allah atujaalie kuwa walinzi wema wa neema zake. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.