Bei ya motokari na bei ya feza

Watu wengi wa Kivu na wa Katanga wana ndugu au jirani aliyehamia Marekani. Maelfu ya jamaa za Kongo, baadhi yao baada ya kukaa miaka mingi katika kambi kama ile ya Nyarugusu katika nchi ya Tanzania, wamepokelewa kule kama wakimbizi. Wakituletea habari, hutueleza mambo ya baridi, ya shule na ya kazi. Tena mara nyingi hutaja motokari. Tusidhani kwamba ni majivuno. Katika miji mingi ya nchi ile kiwanda kiko mbali na nyumba, mabasi ya usiku ni haba, na mtu asiye na motokari hukosa kazi. Wengi huanza na motokari iliyokwisha kutumika. Lakini ikiharibika mara kwa mara, hutamani kununua mpya, hasa ile iitwayo sedani, yaani motokari ya chini ya watu watano, yenye sanduku la mizigo lililotengwa nyuma. Siku ile wanafunga deni kubwa kuliko yote waliyopata kuwa nayo.

Jambo la ajabu ni hili. Katika nchi ile bei ya sukari, ya viatu na ya nguo imeandikwa, wala hakuna anayebishana. Lakini bei ya motokari mpya hupatanwa kama bei ya samaki katika soko la Kadutu. Mama zetu wa Kadutu wangefurahi! Hata hivyo wangekuta tofauti moja. Sokoni mtu hupatana bei, hutoa feza, na shauri limekwisha. Kule mnunuzi hununua vitu viwili kwa siku moja: ananunua motokari, tena ananunua feza za kuilipia. Kila kimoja kina bei yake, na muuzaji anapata faida katika vyote viwili. Asiyejua kuvitenga anaweza kushinda katika cha kwanza na kushindwa kabisa katika cha pili.

Tuanze na motokari yenyewe. Katika majimbo mengi ya Marekani, viwanda kama Ford au Toyota haviruhusiwi kumwuzia mnunuzi moja kwa moja. Wenye maduka hununua kiwandani, kisha huuza kwa bei wanayoitaka wao. Zamani waliandika bei kubwa ovyo, ili baadaye waonekane wakarimu wanapoipokea motokari ya zamani ya mnunuzi kama sehemu ya malipo. Mwaka 1958 ilitungwa sheria, kwa jitihada ya Seneta Mike Monroney wa jimbo la Oklahoma, kwamba kila motokari mpya ibandikwe katika kioo karatasi ya kiwanda, yenye kuonyesha bei, vifaa vilivyoongezwa na gharama ya usafirishaji. Karatasi hiyo ingali inabandikwa hata leo. Lakini fahamuni vizuri: bei ile ni shauri la kiwanda tu, si amri. Mwenye duka aweza kuuza chini yake, au juu yake ikiwa motokari ni chache.

Je, muuzaji mwenyewe alilipa kiasi gani? Iko hati ya kiwanda yenye kuonyesha bei aliyotozwa, na wauzaji wengine huionyesha kwa mnunuzi ili aamini kwamba hakuna faida iliyobaki. Asiamini upesi. Viwanda vingi humrudishia muuzaji sehemu ya bei baada ya motokari kuuzwa, mara nyingi asilimia 2 au 3, tena humpa zawadi akifikisha hesabu ya mwezi. Ndiyo sababu siku za mwisho wa mwezi hupunguza bei kwa wepesi kuliko siku za mwanzo.

Njia iliyo bora haitaki maneno mengi. Mnunuzi achague aina ya motokari na vifaa vyake, kisha awaandikie wenye maduka manne au matano, hata wa miji ya mbali kidogo, akiwauliza jambo moja tu: bei yote kamili, pamoja na kodi na gharama za hati. Ajibiwe kwa maandishi. Halafu amwonyeshe mmoja bei ya mwenzake.

Shauri hili la kuandika lina faida nyingine, nayo ni chungu kuitaja. Mwaka 1995 wataalamu wawili, Ian Ayres na Peter Siegelman, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika maduka ya motokari ya Chicago. Walikuwa wamewatuma wanaume na wanawake, weupe na weusi, wenye mavazi ya namna moja, waliofundishwa maneno yaleyale ya kupatana bei. Watu weusi walitajiwa bei kubwa kuliko wanaume weupe kwa motokari ya namna ileile; kwa wanaume weusi tofauti ilipita dola 1,000. Barua haionyeshi rangi ya uso wala haisikiki lafudhi ya Bukavu.

Sasa tufike kwenye feza, maana hapa ndipo wengi huanguka. Mnunuzi akiketi tu, muuzaji humwuliza kwa upole: “Bwana, unaweza kulipa kiasi gani kila mwezi?” Swali hili lafanana na huruma. Kumbe ndilo mtego wenyewe! Mtu akijibu “dola 400,” bei ya motokari imekwisha kusahauliwa. Muuzaji aweza kuongeza bei, kuongeza riba na kuongeza miaka, mradi malipo ya mwezi yasipite 400.

Ninyi wanafunzi, chukueni kalamu. Mtu anakopa dola 24,000 kwa riba ya asilimia 7 kwa mwaka. Akilipa kwa miezi 60, kila mwezi atatoa dola 475, na jumla itakuwa karibu 28,514. Akilipa kwa miezi 84, yaani miaka 7, atatoa dola 362 tu kila mwezi. Nafuu kubwa, sivyo? Lakini jumla ni karibu 30,427. Amelipa zaidi ya dola 1,900 juu ya mwenzake kwa motokari ileile. Zaidi ya hayo, motokari mpya hupoteza thamani upesi katika miaka ya kwanza, na deni la miaka 7 hupungua polepole. Ikigongwa au ikimlazimu kuiuza mapema, aweza kukuta deni ni kubwa kuliko motokari yenyewe.

Riba nayo ina siri yake. Mwenye duka hupeleka ombi la mnunuzi kwa banki kadhaa. Banki moja inajibu: twakubali kwa asilimia 7. Katika mikopo mingi sheria haimlazimishi muuzaji kumwambia mnunuzi neno hilo. Aweza kumtajia asilimia 9, na sehemu kubwa ya tofauti huwa yake. Kwa mkopo wetu wa dola 24,000 wa miezi 60, malipo ya mwezi yatapanda kutoka 475 mpaka 498. Nani ataona dola 23? Lakini kwa miezi yote 60 zinakuwa karibu 1,380, yaani pengine zaidi ya kile alichopunguziwa katika bei kwa jasho la saa tatu.

Dawa ni kwenda banki kwanza, au kwenye koperative ya akiba na mkopo, ambazo ziko nyingi kule kama zilivyo kwetu, na kupata barua ya kukubaliwa mkopo kabla ya kukanyaga duka. Mgeni ambaye hajapata kukopa katika nchi ile hana historia ya deni, na riba yake huwa nzito. Afadhali aulize mahali pawili au patatu. Maombi ya mkopo wa motokari yakifanywa ndani ya siku 14 huhesabiwa kama ombi moja, wala hayamharibii jina. Akiwa na barua mfukoni, apatane bei ya motokari mpaka mwisho. Baada ya hapo tu aseme: “Banki yangu imenipa asilimia 7, ninyi mwaweza kushuka zaidi?” Wakishuka, heri.

Mara nyingine kiwanda chenyewe huwa na kampuni ya kukopesha (General Motors iliunda ya kwake tangu mwaka 1919), nayo hutangaza mkopo bila riba, au badala yake kupunguza bei kwa dola 2,000. Tuhesabu tena. Dola 24,000 bila riba kwa miezi 60 ni 400 kila mwezi. Dola 22,000 kwa asilimia 7 ni karibu 436. Hapo mkopo bila riba unashinda. Kwa mkopo mfupi au banki yenye riba ndogo huenda ikawa kinyume. Hakuna jibu moja kwa wote, ila kalamu.

Bei na riba zikiisha kupatanwa, mnunuzi huingizwa katika chumba kingine kutia sahihi. Amechoka, ana njaa, na hapo huletewa dhamana za miaka ya mbele, dawa za kuzuia kutu, bima za namna namna. Aweza kuzikataa zote isipokuwa bima ile sheria au banki inayodai. Tangu sheria ya mwaka 1968, mkopeshaji analazimika kuandika wazi riba ya mwaka, jumla ya gharama ya mkopo na jumla ya malipo yote. Asome mistari hiyo, hata kama watu wanamngoja. Katika California, mapatano yakifanywa kwa Kihispania, Kichina, Kitagalogi, Kivietnamu au Kikorea, muuzaji hana budi kutoa tafsiri ya mkataba kabla ya sahihi. Kiswahili hakimo katika orodha hiyo. Basi mtu aende na mwana au rafiki ajuaye Kiingereza vizuri. Wala asifikiri kwamba ana siku tatu za kujuta: sheria ya nchi yote yenye kutoa siku hizo haigusi motokari iliyonunuliwa dukani.

Limebaki jambo moja. Wauzaji wengine hutoa ufunguo jioni ileile, banki ikiwa haijakubali bado. Mtu anafika nyumbani, watoto wanapiga vigelegele, majirani wanakuja kutazama. Baada ya siku chache simu inalia: banki imekataa, njoo utie sahihi mkataba mwingine wenye riba kubwa. Wengi hukubali kwa kuona haya. Lakini muuzaji akiuvunja mkataba wa kwanza kwa sababu hiyo, kwa kawaida mnunuzi aweza kumrudishia motokari na kudai malipo yake ya kwanza pamoja na motokari yake ya zamani. Afadhali zaidi aiache dukani usiku ule, apande basi, arudi kesho jibu la banki likiwa limefika.