ISTILAHI ZA KITANDA CHA MFUMI: MAKOSA YA WANAOANZA NA MANENO YANAYOYALETA

Kazi ya kuunda istilahi kwa kawaida huanzia mezani, penye kamusi na orodha ya maneno ya kigeni. Makala haya yanaanzia kwenye banda la ufumaji lililoko Nangara, mjini Babati. Huko tulipeleka mwongozo mfupi wa kutayarisha kitanda cha mfumi, tulioufasiri sisi wenyewe, ili tuone kama wanaojifunza wangeweza kuufuata pasipo mtu wa kuwaeleza. Hawakuweza. Mtande wao wa kwanza ulivurugika ukakatwa, na nyuzi zilizopotea zilikuwa zimenunuliwa kwa michango yao wenyewe. Tulipochunguza sababu, tuliona kwamba kosa halikuwa la mikono yao. Lilikuwa katika maneno yetu.

Mahali penyewe pana funzo kwa wafasiri. Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioanzishwa mwaka 2002, ni makutano ya lugha nyingi: Kigorowa na Kiiraqw, ambazo ni za Kikushi, Kidatoga, ambacho ni cha Kinailoti, Kirangi na Kimbugwe, ambazo ni za Kibantu. Katika darasa la namna hiyo mwalimu hana lugha moja ya nyumbani ya kukimbilia pale Kiswahili chake kinapokuwa na utata. Istilahi ama inaeleweka, ama kazi inasimama.

Uzi upi?

Mwongozo wetu ulianza hivi: "Tayarisha uzi wa kufumia." Mama mmoja alituuliza, "Mwalimu, hapa mmesema uzi. Uzi upi?" Swali hilo lilikuwa la haki. Kwa wengi wetu leo, kufuma ni kazi ya sindano: sweta, au vitambaa vya kufunikia makochi. Kazi hiyo huhitaji uzi mmoja unaotoka kwenye donge lake hadi mwisho. Kitanda cha mfumi hutaka nyuzi za namna mbili: zile zinazotandwa kwa urefu kabla ya kufuma, na ule unaopitishwa kati yake kwa mapana. Za kwanza ni mtande. Wa pili ni mshindio.

Maneno haya mawili hatukuyaunda sisi. Yamo katika kamusi, kwa kuwa ufumaji ni kazi ya kale katika nchi zetu. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, alitaja nguo za Mogadishu zilizopelekwa mpaka Misri. Huko Kilwa, wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata vigae vilivyotobolewa ambavyo vilitumika kusokotea pamba. Bara nako, Wafipa walifuma nguo za pamba kwa vitanda vilivyolazwa chini. Nguo za kigeni zilipozidi, kazi ilififia na maneno yake yakasahauliwa. Kwa hiyo mfasiri atafute kwanza neno lililolala kabla ya kuunda jipya.

Makosa manne ya utayarishaji

(1) Kupoteza mpishano. Nyuzi za mtande huzungushwa kwenye vigingi ili zote zipate urefu mmoja. Kati ya vigingi viwili vya mwisho hupishana, mmoja ukipita juu na mwenzake chini. Mpishano huo ndio unaohifadhi zamu ya kila uzi. Usipofungwa kwa kamba, zamu hupotea na nyuzi mia kadhaa huwa fundo moja. Sisi tuliandika: "Toa nyuzi kwenye vigingi baada ya kufunga mpishano." Msomaji aliye kazini hutenda kadiri anavyosoma, wanafunzi walitoa kwanza. Hapo ndipo mtande ulipopotea. Ilitupasa kuandika: "Funga mpishano. Kisha toa nyuzi."

(2) Mkazo usio sawa. Mtande ukikunjwa kwenye mti wa nyuma, tabaka la juu huweza kuzama ndani ya tabaka la chini. Nyuzi nyingine hukaza na nyingine hulegea. Dawa yake ni kuweka karatasi ngumu au fito nyembamba kati ya matabaka. Mwongozo wetu ulisema tu, "Kaza nyuzi," na kila mmoja akavuta uzi wake kwa nguvu zake. Kinachotakiwa ni usawa wa mkazo. Upapase mtande kwa kiganja: panapobonyea pamelegea.

(3) Kukosea vitanzi na chanuo. Kila uzi hupita katika kitanzi chake, ambacho huuinua na kuushusha, kisha huingia katika pengo la chanuo, ambalo hulinda nafasi yake. Tuchukue mfano wa nguo ya upana wa sentimita 30 yenye nyuzi 8 kwa kila sentimita: mtande ni nyuzi 240. Chanuo chenye mapengo 4 kwa sentimita hupokea nyuzi mbili katika kila pengo, yaani mapengo 120. Sisi tuliandika "mbili kwa moja," bila kusema mbili za nini. Anayepitisha uzi mmoja katika kila pengo atapata mtande wa sentimita 60, mwepesi kama chandarua.

(4) Kufunga mbele bila mpango. Anayefunga mafungu ya nyuzi kwenye mti wa mbele kutoka upande mmoja hadi wa pili hukuta yale ya mwanzo yamelegea. Afunge la katikati, kisha la kulia na la kushoto kwa zamu, halafu ayarudie yote kabla ya kukaza fundo la mwisho.

Namna ya kutambua kosa

Baada ya kufuma upana wa vidole viwili, mfumaji asimame atazame. Kasoro inayokwenda kwa urefu wa nguo ni ya mtande. Ufa mwembamba wa urefu ni pengo lililorukwa; mstari mnene ni nyuzi zilizozidi katika pengo moja; uzi usioinuka wala kushuka haukupitishwa katika kitanzi; mwanya usiofunguka vizuri huonyesha mkazo usio sawa, au nyuzi zilizosokotana kati ya vitanzi na chanuo. Kasoro inayokwenda kwa mapana ni ya mshindio, na mara nyingi hutokana na kupiga chanuo kwa nguvu zisizolingana. Nguo ikijibana pembeni, mshindio umevutwa mno.

Hapa thamani ya istilahi inaonekana wazi. Mwongozo ukisema tu "uzi umekosewa," mwanafunzi atafumua mshindio, afume tena, na ufa utabaki palepale. Neno mtande lingempeleka moja kwa moja kwenye chanuo.

Istilahi tunazopendekeza

Mtande: nyuzi za urefu zilizotandwa kitandani.
Mshindio: uzi wa mapana.
Mpishano: kupishana kwa nyuzi kunakohifadhi zamu zake.
Kitanzi: kishikio chenye tundu kinachoinua na kushusha uzi wa mtande.
Chanuo: kifaa chenye mapengo kinachopanga mtande na kupiga mshindio.
Mwanya: nafasi ya kupitishia mshindio.
Mkazo: kadiri ya kuvutika kwa nyuzi.

Juu ya chanuo tunakiri kuwa tulikuwa tumeandika kitana. Wanafunzi wa Nangara walikitazama kifaa, wakakiita chanuo kama kile cha nywele, na hawakuliacha neno lao. Tumewafuata, kwa sababu wao ndio watakaolitumia kila siku. Hata hivyo, wasomaji wa pwani huenda wakaona kitana kinafaa zaidi, nasi tungependa kusikia hoja zao.

Tuliporudi na mwongozo uliosahihishwa, mtande wa pili ulipanda kitandani bila kukatwa. Mapengo mawili yalikuwa yamerukwa. Wenyewe waliyagundua na kuyasahihisha kabla hatujasema neno. Walimu na mabwana na mabibi maendeleo walio na majina mengine ya vifaa hivi, hasa kutoka Ufipa, wanaombwa watuletee ili yalinganishwe kabla ya orodha hii kufikishwa mbele ya kamati ya usanifishaji.