Faini Iliyofutwa ni Pesa ya Nani?

Ukimtajia mtu wa Jinja au Mbale, nchini Uganda, jina la Nalufenya, hatafikiria faini. Atakumbuka kituo cha polisi walikofungiwa mwaka 2017 washukiwa wa mauaji ya afisa wa polisi Andrew Felix Kaweesi, wakatoka na makovu. Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu iliamuru Serikali iwalipe watu 22 shilingi milioni 80 kila mmoja kwa mateso hayo. Aprili 2018 Mkuu wa Polisi, Okoth Ochola, akalifunga gereza lile lisilo na jina la gereza.

Naanzia hapo makusudi, maana wengi huchanganya malipo ya namna ile na marejesho ya faini. Yale yalikuwa fidia, na mdai fidia hana budi aonyeshe alivyoumizwa. Faini haina habari hiyo.

Chukua mama muuza samaki wa sokoni Jinja. Hakimu amemtoza faini, amepewa namba ya malipo, amelipa benki na risiti ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho. Anakata rufaa, jaji anatengua hukumu. Serikali ilizichukua pesa zile kwa nguvu ya hukumu. Hukumu ikianguka, inazishika kwa haki gani? Tatizo ni kwamba zimekwisha kuingia Mfuko Mkuu wa Serikali, na karani hana droo ya kuzichomolea. Ndiyo maana wakili mzoefu haondoki mahakamani bila maneno haya kwenye amri: faini, kama ililipwa, irejeshwe.

Huko Marekani, jimbo la Colorado lilijaribu kushika pesa za namna hiyo. Mwanamke mmoja aliyekuwa amekatwa dola 702 na senti 10 kwenye akaunti yake ya gerezani aliambiwa, baada ya kuachiwa huru, afungue kesi mpya athibitishe kuwa hana hatia. Aprili 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kalamu ya Jaji Ruth Bader Ginsburg, ilikataa: asiye na hukumu juu yake hana hatia, basi, hadaiwi ushahidi ili apewe kilicho chake.

Karibu na kwetu, Machi 2020 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatoza mwanasiasa wa upinzani Freeman Mbowe na wenzake faini ya jumla ya shilingi milioni 350, la sivyo jela miezi mitano. Wanachama wa chama chake na wananchi wakachanga. Juni 2021 Mahakama Kuu ikafuta hatia na kuamuru faini zirejeshwe.

Lakini waliochanga hawakuwa warufani. Hata yule mama wa Jinja, huenda nusu ya faini ilitoka kwenye chama cha akina mama wenzake pale sokoni. Risiti ina jina lake peke yake, na hazina italisoma hilo tu. Mgawo uliobaki watauzungumza wao kwa wao, mezani pa samaki.