Wanamaji katika Historia ya Tanzania: Kutoka Manowari za Kigeni hadi Kamandi ya Kigamboni

Mtahiniwa wa Geita au Shinyanga akikutana na swali la wanamaji hudhani ni swali la watu wa Pwani, akaliruka. Huo ni upotevu wa alama. Tangu karne ya 19, aliyekuwa na meli zenye mizinga ndiye aliyeamua mambo mengi ya nchi kavu, hata huku kwetu Kanda ya Ziwa. Jambo la kushika ni kwamba kwa muda mrefu meli hizo hazikuwa zetu.

Anza na Seyyid Said. Alipata Mombasa mwaka 1837 kwa kuwashinda Wamazrui, na bila meli za kivita asingefika huko wala kuhamishia makao yake Zanzibar mwaka 1840. Mwaka huohuo meli yake Sultana ilifika New York kibiashara. Warithi wake hawakuwa na nguvu hiyo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliharibu meli za Sultani Barghash, na mwaka uliofuata Waingereza wakamtishia kuizingira Zanzibar kwa manowari. Ndipo akasaini mkataba wa 1873 wa kufunga masoko ya watumwa. Vitabu vingi hutaja mkataba na kusahau manowari zilizokuwa nyuma yake. Wewe usizisahau.

Wajerumani nao walifuata njia hiyo. Mikataba ya Karl Peters na machifu wa bara ilipopingwa na Barghash, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake Agosti 1885, akanyamaza. Mwaka 1888 Abushiri bin Salim alipoongoza upinzani wa Pwani, Wajerumani na Waingereza walishirikiana kuizingira Pwani ili silaha zisiingie. Kisha tarehe 27 Agosti 1896 Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani bila idhini ya Waingereza, alishambuliwa kwa mizinga kutoka baharini. Vita hivyo havikufika hata saa moja. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa palepale bandarini.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo sehemu inayotuhusu zaidi sisi wa bara. Huko Pwani, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha katika delta ya Mto Rufiji hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Lakini maziwa nayo yalikuwa uwanja wa vita. Katika Ziwa Tanganyika Wajerumani walikuwa na Graf von Götzen, meli iliyotengenezwa Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande na kusafirishwa kwa reli hadi Kigoma. Waingereza walijibu kwa kuleta boti mbili ndogo kutoka Cape Town, kwa reli na kwa kuvutwa porini Kongo. Moja iliitwa Mimi, na nyingine Toutou. Boti hizo ziliiteka Kingani Desemba 1915 na kusaidia kuizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe Julai 1916 walipoondoka Kigoma. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba.

Ziwa Victoria lilikuwa mikononi mwa Waingereza, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na meli kubwa, zilizotoka Kisumu. Mwaka 1916 waliteka Ukerewe, na Julai wakashusha askari karibu na Mwanza na kuuchukua mji. Kutoka hapo kikosi chao kilisonga kusini kupitia Shinyanga kuelekea Tabora, ila Wabelgiji waliwatangulia kuingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Kwa hiyo ukiulizwa kwa nini Wajerumani walipoteza kaskazini-magharibi ya koloni lao, taja udhibiti wa maziwa. Mtahiniwa anayetaja askari wa miguu peke yao ametoa nusu ya jibu.

Baada ya uhuru nchi ilibaki na kikosi cha nchi kavu tu, Tanganyika Rifles. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Maasi yakafika hadi kambi ya Tabora. Serikali haikuwa na chombo cha kuyazima. Mwalimu Nyerere alilazimika kuomba msaada kwa mkoloni wa jana, na tarehe 25 Januari askari wa majini wa Uingereza, waliobebwa na manowari ya ndege Centaur, walishuka kwa helikopta na kuwanyang'anya waasi silaha. Taifa la miaka miwili lilikuwa limeokolewa kutoka baharini na watu wale wale liliowaaga mwaka 1961. Mwalimu hakuficha kwamba ilikuwa fedheha. Jeshi la zamani lilivunjwa, na JWTZ ikaundwa tarehe 1 Septemba 1964.

Wanamaji walichelewa, kwa sababu meli na bandari za kijeshi ni ghali. Kwa msaada wa China, iliyotoa boti za doria, mafunzo na ujenzi wa kituo, Kamandi ya Wanamaji ilianzishwa mwaka 1971, makao yake yakiwa Kigamboni, Dar es Salaam. Kwa nini China? Nchi za Magharibi zilishapoteza imani yetu, nasi tulikuwa tukiunga mkono wapigania uhuru wa Msumbiji, ambako Wareno walikuwa bado wanatawala ng'ambo ya Ruvuma. Eleza sababu hizo mbili pamoja.

Kazi ya kamandi hiyo ni kulinda mwambao wa zaidi ya kilomita 1,400 na mipaka ya majini. Machi 2008 wanajeshi wa Tanzania walikuwa katika vikosi vya Umoja wa Afrika vilivyovuka bahari hadi kisiwa cha Anjouan, Komoro, kumwondoa Kanali Mohamed Bacar. Uharamia wa Kisomali ulipofika kusini, Tanzania, Msumbiji na Afrika Kusini zilikubaliana mwaka 2012 kushirikiana kulinda bahari.

Tahadhari ya mwisho ni ya majina. KMKM ya Zanzibar ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, kipo chini ya Serikali ya Mapinduzi, wala si sehemu ya JWTZ. Na askari unaowaona na boti zao ziwani wakikagua wavuvi mara nyingi ni Polisi Wanamaji, ambao ni Jeshi la Polisi.